Wastaafu wenzangu, Krismasi mnaianza lini? Tupeane uzoefu

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60, nikajua Desemba sasa ni ya kupumzika. Nipo Marangu, Kilimanjaro. Wanangu wako Dar na Dodoma, na Krismasi wote wanapanda nyumbani na wajukuu, kwa hiyo mimi naanza Oktoba. Magodoro juani, mablanketi yafuliwe, maana wajukuu baridi ya huku inawapa mafua siku ya kwanza tu. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinagawana Desemba, na mweka hazina ni mimi. Majilio nayo mazoezi ya kwaya jioni tatu kwa wiki.

Ila kinachonikosesha usingizi ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ulezi uloweke, uote, uanike, usage. Ndizi ziive, zichemshwe, zikae siku kadhaa zichachuke, ndipo uchanganye na uji wa ulezi uliotiwa msesewe, gome chungu la mti. Ukikosea hesabu, tarehe 25 inakukuta bado haijaiva. Mwaka jana kwaya ilinichelewesha siku mbili, wageni wangu wakanywa soda. Niliumia sana.

Wenzangu mnajipangaje?

Babu wa Rombo: Pole mwalimu. Mimi upande wangu ni mbuzi. Nanunua wawili mwezi wa nane wakiwa wadogo, nawafunga bandani, nawalisha majani. Ukisubiri Desemba, mnadani bei hazishikiki. Mmoja ni wa ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, mwingine supu na kisusio, ile supu ya damu. Vijana wakifika nawapa kisu wajifunze kugawa nyama: hiki cha babu, hiki cha shangazi. Wasipojifunza Krismasi watajifunza lini?

Muuguzi mstaafu, Tanga: Mimi ndiye ninayesafiri, kwenda ukweni. Tiketi nakata Novemba, ukichelewa unasimama stendi na mizigo. Nabeba nazi na samaki wakavu kwa ajili ya mama mkwe, ana miaka tisini na kitu, huwa ananisubiri barazani. Mume wangu alifariki, lakini kule bado ni kwetu. Nikishuka tu naomba jembe, naenda kupalilia kaburi lake kihambani, kwenye shamba la ukoo, kabla wengine hawajafika.

Mwalimu, Marangu: Dada yangu, umenigusa. La mzee wangu nililiachia vijana mwaka jana. Kesho asubuhi naenda mwenyewe, na penye masale yaliyokauka, ile mimea ya kaburini, nitapanda mengine. Mbege itasubiri mchana.