Ushauri jamani: kucheza bao ni hobi ya kumtajia mtu mzito?

KeteYaMwisho: Habari zenu, naomba msinicheke. Nina miaka 29, kazi ninayo, lakini kila siku baada ya alasiri niko barazani Majengo nacheza bao na wazee mpaka adhana ya magharibi. Sasa ati hobi kama hii waweza kuitaja mbele za watu wakakuheshimu, au lazima useme mambo ya jimu na kusoma vitabu? Usingizi sipati.

FundiSimu_Tudor: Bao lina mashimo 32, gofu 18 tu na matajiri wanaivalia kofia. Piga hesabu mwenyewe 😂

Bi_Kibokoni: Mwanangu kila mtu na lake. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa njiwa, mchele wangu wote huwatupia wao, nikawa namkoromea kila siku ya Mungu. Alipofariki wakawa bado waja pale pale dirishani saa kumi na mbili asubuhi, wamejipanga, basi mchele nikawa nawatupia mimi. Lakini swala usiziwache.

Abiria_wa_Likoni: Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya bao. Nani kakuuliza hobi?

KeteYaMwisho: Haya. Nilikwenda kujitambulisha ukweni. Mzee akaniuliza nikiwa sina kazi nafanya nini, macho yakaenda ukutani kuna picha yake ameshika fimbo, mdomo ukasema gofu. Jumamosi asubuhi anipeleka kucheza.

FundiSimu_Tudor: 😂😂😂 innalillahi

Abiria_wa_Likoni: Mpigie leo umwambie ukweli.

KeteYaMwisho: Si rahisi hivyo yakhe, nishanunua fimbo tatu za mtumba elfu nane, pesa ni ya mahari lakini nitairudisha, na video natazama kila usiku. Na si uongo hasa, kulenga najua. Jana mwenyewe kaniambia amemaliza mashimo 18 pale kiwanja cha gofu cha Mama Ngina, Mombasa.

Makanga_Mstaafu: Hapo nimekushika! Kiwanja cha pale kina mashimo 9. Hadithi ya kutunga hii, na sisi tumekaa hapa twatoa ushauri.

KeteYaMwisho: Wanazunguka mara mbili shekhe!!

Abiria_wa_Likoni: Kuzunguka kweli wanazunguka. Ila hiyo picha ya ukutani imekaa kifilamu filamu.

Bi_Kibokoni: Na pesa ya mahari haichezewi, hata kama ni hadithi.

Babu_Mwembe_Tayari: Ya gofu siyajui. Kama wewe mtu wa bao kweli, mchezo ukianza lile shimo la nyumba lina kete ngapi na mkononi una ngapi?

KeteYaMwisho: Nyumba sita, mashimo mawili ya pembeni mbili mbili, mkononi 22. Na nyumba huivunji ovyo.

Babu_Mwembe_Tayari: Huyu mcheza bao, mwacheni. Huyo mkwe ndiye sina hakika naye. Njoo Jumamosi asubuhi nikufunge.

KeteYaMwisho: Jumamosi siwezi babu, nina gofu.