Skuta za umeme za kukodi: tumbane anayeendesha au anayehesabu dakika?

Wakuu, naleta hoja hii kwa sababu kila tukijadili skuta za umeme za kukodi, vile vibao vya magurudumu mawili vyenye usukani ambavyo mtu huendesha akiwa amesimama, tunaishia palepale: kofia ngumu, umri, faini. Yote hayo yanamhusu aliyesimama juu ya kibao. Aliyeileta skuta mjini hatumgusi.

Niseme kilichonifikisha hapa. Juzi nilikuwa namsukuma mama kwenye kiti chake cha magurudumu. Njia ya waenda kwa miguu nyembamba, ukuta upande huu, barabara upande ule, na katikati skuta imelazwa kimshazari, usukani umegusa ukuta. Nikajaribu kuiburuta. Gurudumu limejifunga, king'ora kikaanza kulia, na chombo chenyewe kizito kuliko kinavyoonekana. Ikabidi nimshushe mama barabarani, magari yanatupita pembeni. Alinishika mkono kwa nguvu, hakusema kitu. Aliyeiacha pale huenda si mtu mbaya. Alikuwa anakimbizana na dakika.

Maana biashara yenyewe iko hivi: unafungua kwa simu, unakatwa hela ya kuanzia, halafu mara nyingi kila dakika ina bei yake. Ukisimama kwenye taa nyekundu, unalipa. Ukimsubiri mzee avuke, unalipa. Ukizunguka kutafuta pa kuegesha kistaarabu, unalipa. Sheria inamwambia tulia, mita inamwambia kimbia, na mita ndiyo anayoiona. Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza, na ndilo ninalolishikilia kuliko yote: masharti ya leseni ya kukodisha yakataze kulipisha kwa dakika. Walipishe kwa kilomita.

La pili ni mwendo. Njia ya waenda kwa miguu, hapana kabisa. Ziende kwenye njia ya baiskeli, mwisho kilomita 20 kwa saa. Ujerumani iliweka kikomo hicho mwaka 2019, ikazielekeza njia za baiskeli, na pasipo na njia hiyo ziingie barabarani, kila skuta ikiwa na bima. Ufaransa mwaka huohuo ikaruhusu 25. Tofauti inaonekana ndogo, ila nguvu ya kugonga hupanda kwa mraba wa mwendo: ukigongwa na skuta ya 25, unapokea zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu ya ile ya 20. Kwa mzee, hapo ndipo nyonga inapovunjika.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, pole kwa yaliyompata mama. Lakini mbona Paris umeiruka? Walipiga kura tarehe 2 Aprili 2023, karibu asilimia 89 wakazikataa, na kufikia Septemba skuta kama 15,000 zilikuwa zimeondoka. Masharti walishayajaribu, hadi kuzipunguza kasi kuwa kilomita 10 kwa saa kwenye baadhi ya maeneo. Watu walichoka. Njia ya umma si ghala la kampuni.

Mtoa hoja: Asante, amepoa sasa. Kuhusu Paris, waliojitokeza kupiga kura hawakufika wanane katika kila mia ya waliojiandikisha, ila sitajificha nyuma ya hilo. Waliokwenda ndio waliokerwa. Shida yangu ni nyingine. Zilizoondolewa ni za kukodi tu. Za watu binafsi ziliruhusiwa kuendelea, na hizo hakuna wa kuzipunguza kasi kutoka mbali wala wa kujua zimeegeshwa wapi. Mji uliachia zile ambazo kamba yake ulikuwa umeishika. Oslo, mji mkuu wa Norwei, mwaka 2021 walifanya tofauti: wakaweka kikomo cha skuta 8,000 kwa mji mzima, na kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri zikawa hazikodishwi, kwa sababu walevi walikuwa wanaumia mno. Hilo mimi naliunga mkono moja kwa moja.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni mwanamke, naendesha baiskeli kila siku, na sioni kwa nini mzigo huu tutupiwe sisi. Njia yetu ni finyu tayari. Gurudumu la skuta ni dogo. Shimo ambalo mimi napita juu yake, mwenzangu wa mbele linamrusha, na mimi niko nyuma yake. Tena wengi hawatoi ishara ya kukata kona, maana ukiachia mkono mmoja usukani unacheza.

Mtoa hoja: Dada, hilo la mkono ni kweli tupu. Taa za kuashiria kona ziwe sharti la leseni, na magurudumu yawe makubwa zaidi. Lakini ukimtoa njia ya baiskeli unampeleka kati ya magari yanayokwenda 50, na yeye hana hata bati la kumkinga. Kilomita 20 ni mwendo unaoujua wewe. Njia ipanuliwe, na nafasi itoke kwenye maegesho ya magari. Hukohuko zichorwe sehemu za kuegesha skuta, karibu na makutano; skuta ni fupi, haimzibi dereva macho kama gari lililoegeshwa. Safari isifungwe kwenye simu mpaka skuta iwe ndani ya mistari.

Mchangiaji wa tatu: Naomba niulize moja tu. Ukimlipisha kwa kilomita, si atakata njia ya mkato? Na njia ya mkato mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya waenda kwa miguu.

Mtoa hoja: Hapo umenibana, na sikuwa nimeliwaza. Narekebisha: bei ya safari nzima ijulikane kabla hajapanda, kituo hadi kituo. Akizunguka isiongezeke, akikata njia isipungue. Mwenye kuona tundu hata kwenye hiyo, alitoe hapa.