Mita ya nguvu za redio inasoma pungufu: niizungushe skrubu au niiache?

Mwanafunzi wa Nakuru aliuliza:

Hamjambo nyote. Nimeunda mita ya kupimia nguvu za mawimbi ya redio kwa chipu ya AD8307, ambayo hutoa takriban milivolti 25 kwa kila desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu), na ambayo mstari wa grafu yake hufikia volti sifuri karibu na dBm -84 (dBm ni desibeli zikilinganishwa na milivati 1). Kwa hivyo nikiingiza milivati 1, yaani dBm 0, natarajia volti 2.1. Ili kuisawazisha nimetengeneza chanzo cha mawimbi cha megahezi 10 chenye kristali, chujio la kuondoa harmoniki (mawimbi ya ziada yenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea) na ukinzani wa pato wa omu 50. Nilikipima kwa osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la wimbi kwenye skrini) ya zamani ya megahezi 20 iliyo chuoni kwetu, nikakirekebisha hadi wimbi likafika volti 0.632 kutoka kilele hadi bonde, kiasi ambacho katika omu 50 ni milivati 1.

Shida ni kwamba mita inatoa volti 1.975 tu, yaani desibeli 5 pungufu. Nikiweka kipunguzi cha desibeli 20 (omu 248 katikati na omu 61 kila upande) inashuka hadi 1.475 kama inavyopasa, lakini kipunguzi cha pili kinaifikisha 1.02 badala ya 0.975, na hata nikikiondoa chanzo kabisa, haiendi chini ya 0.90. Je, nizungushe skrubu ya kusawazisha mita hadi isome dBm 0, au chipu niliyouziwa ni bandia?

Fundi wa Kisumu alijibu:

Ndugu, skrubu hiyo usiiguse kwanza. Chipu bandia isingeshuka nusu volti kamili kwa desibeli 20, kwa hivyo mita yako inahesabu vizuri, na mwenye kosa ni chanzo, au tuseme namna ulivyokipima. Waya wa osiloskopu una ukinzani wa mamilioni ya omu, kumaanisha ulipima pato likiwa wazi, bila mzigo wowote. Ukikiunganisha chanzo na mita yenye omu 50, volti zinagawanyika nusu kwa nusu kati ya ukinzani wa chanzo na ule wa mita, na nusu ya volti ni robo ya nguvu, yaani desibeli 6 chini. Unganisha rezista mbili za omu 100 sambamba kwenye pato, zikiwa na miguu mifupi kabisa, kisha urekebishe hadi 0.632 ukipimia juu ya rezista hizo. Ukimaliza ziondoe ndipo uunganishe mita, kwa sababu ukiziacha mzigo utakuwa omu 25.

Nami niliangukia shimo hilo hilo. Niliizungusha skrubu, kisha kwa miezi kadhaa nikawa najisifu kwamba redio yangu ya wati 5 inatoa wati 20.

Mwalimu wa Kakamega alijibu:

Fundi amesema kweli, ila hesabu haijafunga: pungufu ingekuwa desibeli 6, na mwenzetu ameona 5. Desibeli moja iliyobaki imetoka kwenye osiloskopu. Osiloskopu inayoitwa ya megahezi 20 ni ile ambayo, ikifika megahezi 20, huonyesha asilimia 71 tu ya wimbi. Katika megahezi 10, ikiwa inafifia kwa mwendo wa kawaida, huonyesha karibu asilimia 89. Kwa hivyo ulipoona 0.632, wimbi lenyewe lilikuwa karibu 0.707, na ukiligawanya mara mbili unapata takriban dBm -5, kama mita yako ilivyosema.

Ningekushauri utengeneze chanzo cha pili cha megahezi 1, ambapo osiloskopu hiyo haina udhuru. Lakini kipe chujio lake, kwa kuwa chujio la megahezi 10 litapitisha harmoniki karibu zote, na chipu hii hudanganywa na umbo la wimbi: wimbi la mraba lenye nguvu sawa na wimbi laini huisomesha desibeli 3 zaidi. Kapasita za kuingilia kwenye mita nazo ziwe nanofaradi 100.

Kuhusu zile volti 0.90, hiyo ni karibu dBm -48 inayoingia kutoka nje. Chipu husikia hadi megahezi 500, na mjini stesheni za FM hazikosi. Ifungie mita ndani ya mkebe wa bati, ulehemu mfuniko pande zote, na waya wa umeme uingie kupitia kapasita ya kupenyezea (feedthrough). Kipunguzi chako cha pili hakina kosa. Ishara yako ilikuwa imeshuka hadi karibu kulingana na kelele hiyo, vikajumlishwa.

Mwanafunzi wa Nakuru alijibu:

Nawashukuru sana, fundi na mwalimu. Nimepata kristali ya megahezi 1, nikapima juu ya rezista mbili za omu 100, na mita ikatoa volti 2.09. Mkebe wa majani ya chai umefanya kazi kuliko nilivyodhani, maana bila chanzo sasa inashuka hadi 0.29, na vipunguzi vyote viwili vinashusha nusu volti kila kimoja. Kwanza nililehemu mfuniko pembe nne tu, ikabaki 0.55, nami nikakaribia kumlaumu mwalimu. Nilipoziba mshono wote ndipo ikatulia. Skrubu hatimaye nimeizungusha, lakini kwa milivolti 10 tu.