Ubishi wa Ijumaa: Obasanjo

Mjomba Hamisi: Nishasema, mwanajeshi akikalia kiti hatoki mpaka atolewe. Nitajieni mmoja tu.

Mama Mkubwa: Obasanjo wa Nigeria. Tarehe 1 Oktoba 1979 alimkabidhi nchi Shehu Shagari, raia aliyechaguliwa kwa kura, akaenda zake Ota kulima na kufuga.

Mjomba Hamisi: Dada, huyo kiti kilimwangukia. Mkuu wa nchi, Jenerali Murtala Mohammed, aliuawa Februari 1976, yeye msaidizi wake akarithi.

Mama Mkubwa: Sawa, kilimwangukia. Kuondoka je? Jeshi zima lilikuwa lake na hakuna aliyemsukuma. Nigeria hakuna jenerali aliyewahi kuwaachia raia kabla yake.

Neema: Si ndiye aliyepokea Biafra, lile eneo lililojitenga na Nigeria, ilipojisalimisha?

Mama Mkubwa: Ndiye, mwanangu. Januari 1970, Philip Effiong, kiongozi wa Biafra wakati huo, alijisalimisha kwake.

Baraka: Halafu 1995 Jenerali Abacha, mtawala wa wakati huo, akamtia ndani kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Majenerali kwa majenerali 😂

Mama Mkubwa: Akatoka 1998 Abacha alipokufa, na Mei 1999 akaapishwa rais, safari hii kwa kura.

Mjomba Hamisi: Miezi sita baadaye askari wake wakakiteketeza kijiji cha Odi kule jimbo la Bayelsa, eti wanasaka waliowaua polisi. Wanakijiji walikosa nini? Gwanda alivua, amri za kambini hakuziacha.

Mama Mkubwa: La Odi sibishi. Lakini deni la nje? 2005 Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha, ilikubali kufuta dola bilioni 18.

Baraka: Na Nigeria ikalipa bilioni 12 hivi, mama mkubwa, usiziruke 😅 Mafuta yalikuwa na bei nzuri. Tena mazungumzo yale yalibebwa na Ngozi Okonjo-Iweala, waziri wake wa fedha.

Mama Mkubwa: Aliyemteua nani?

Mjomba Hamisi: Na muhula wa tatu? Seneti isingeukataa Mei 2006 tungemsikia bado yupo Aso Rock, ikulu ya Nigeria.

Mama Mkubwa: Anakana kwamba aliutaka.

Baraka: Kwa hiyo muswada ulijipeleka wenyewe bungeni 😂😂

Mama Mkubwa: 2007 si alimkabidhi urais Yar'Adua?

Mjomba Hamisi: Kwa uchaguzi ambao Yar'Adua mwenyewe alikiri siku ya kuapishwa kuwa ulikuwa na kasoro!

Neema: Jamani, si ndiye yule aliyekuwa na Uhuru Kenyatta kwenye mazungumzo ya amani kule Pretoria?

Mama Mkubwa: Huyohuyo. Umoja wa Afrika ulimtuma kusuluhisha serikali ya Ethiopia na wapiganaji wa jimbo lake la Tigray, mkataba ukasainiwa Novemba 2022. Alikuwa na miaka 85 hapo.

Mjomba Hamisi: Pretoria nampa. Odi siifuti.