Naomba ushauri: divai ya Porto niiandalie chakula gani?

Mama Kato, Ntinda
Salamu kwenu nyote. Kaka yangu amerudi kutoka Ureno na kutuletea chupa mbili za divai ya Porto, moja ikiwa ni ya aina ya Ruby, nyekundu na bado changa, na nyingine ya aina ya Tawny, iliyokomazwa miaka 10. Jumamosi ijayo baba yetu anatimiza miaka 70, nami nitapika kuku wa luwombo (wa kupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba) katika mchuzi wa karanga, matoke, mbuzi wa kuchoma mwenye pilipili, kisha keki ya chokoleti iliyopambwa kwa sukari. Ruby nimekwisha kuifungua nikaionja, nikaikuta tamu na kali kwa pamoja, hata sijui niiweke wapi katika mlo huu. Naombeni mnielekeze, kwa maana zawadi hii imetoka mbali.

Ssalongo wa Jinja
Mama Kato, hongera kwa kumwandalia mzee. Divai hiyo hutoka katika bonde la mto Douro, na utamu wake ni wa zabibu zenyewe: maji ya zabibu yakiwa bado yanachacha hutiwa pombe kali, hamira hufa kabla ya kuimaliza sukari, na kileo hufika asilimia 19 hadi 22. Ndiyo maana nakusihi usiiweke mezani pamoja na yule mbuzi, kwani kileo kingi huuchochea ukali wa pilipili. Subiri sahani ziondolewe, ndipo uimimine katika glasi ndogo.

Keki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Chakula kikiwa kitamu kuishinda divai, divai huonekana chachu na nyepesi mdomoni. Acha kabisa ile sukari ya kupambia, uoke kwa chokoleti nyeusi yenye uchungu kidogo (kakao ya Bundibugyo tunayo hapa hapa nyumbani), na utaona Ruby inavyotoa ladha ya matunda yake.

Mpishi wa Mbarara
Nakubaliana na Ssalongo kuhusu pilipili, ila Tawny ameiruka, nami naiona ndiyo itakayomfaa mzee. Hiyo imekaa miaka katika mapipa ya mbao, hewa ikiipenya kidogo kidogo, hata wekundu ukafifia na ladha ikaelekea kwenye njugu, sukari iliyoungua na matunda makavu. Iandalie karanga za kukaanga, simsim iliyoshikanishwa kwa asali, na ndizi zilizokaushwa. Ruby nayo hupatana na jibini yenye chumvi, na Waingereza wamezoea kunywa Porto kwa Stilton, jibini yenye ukungu wa buluu. Usipoipata, jibini ngumu iliyokomaa itafaa. Tafadhali usizinywe kwa joto la chumbani, maana Kampala mchana ni joto mno: Tawny ipendeze kwenye nyuzi 12 hivi, Ruby kwenye 16.

Mama Kato, Ntinda
Asanteni sana, ndugu zangu. Sukari ya keki nimeifuta. Je, ile Ruby niliyoifungua itafika Jumamosi?

Mpishi wa Mbarara
Itafika, dada. Izibe vizuri na uisimamishe jokofuni. Hudumu wiki mbili hivi, na Tawny hata mwezi. Inayoharibika upesi ni Vintage, Porto ya mavuno ya mwaka mmoja iliyokomaa ndani ya chupa, ambayo humalizwa ndani ya siku mbili au tatu. Ila kabla ya kummiminia mzee, hakikisha kwamba dawa anazotumia, kama zipo, hazikatazi kileo.