MREJESHO: Ndege zangu kwenye Hearts of Iron IV sasa zinapiga kazi

Wakuu, salamu kutoka Sakina, Arusha. Niliuliza kwa nini kwenye gemu hili la kompyuta la mkakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ninakocheza kama Ujerumani, ndege zangu, pamoja na wingi wake, hazilisaidii jeshi la nchi kavu dhidi ya Ufaransa. Mkasema nitazame viwanja vya ndege kabla ya idadi ya ndege. Asanteni sana, hapo ndipo penyewe!

Kila ngazi ya kiwanja inabeba ndege 200 tu, ukizidisha ufanisi unashuka. Nikazisogeza karibu na mpaka wa magharibi, maana ndege isiyofika eneo lote la anga hufanya sehemu tu ya kazi. Halafu nikatanguliza zile za kupambana angani. Mkuu mmoja alilisisitiza sana hili na namuunga mkono kabisa: anga ikishasafishwa, ndege za kushambulia ardhini hazitunguliwi ovyo, na adui huko chini anapungukiwa ulinzi, hata mwendo wake unapungua. Paris nimeichukua.

Sasa naelekea mashariki, na ndege zinakunywa mafuta kweli kweli. Nijenge mapema viwanda vya mafuta ya sintetiki (ya kutengenezwa, si ya kuchimbwa), au ya Romania yatanitosha? Wazoefu, naombeni mwongozo.