Mwimbaji wa mbele akitoa albamu yake peke yake, kaisaliti bendi au kadai chake?

mleta mada:

Wakuu, naomba tubishane bila kutukanana maana najua tukifika kwenye Wenge, ile bendi ya Kinshasa, kuna watu presha zinapanda.

Iko hivi. Albamu ya kwanza ya Bien, yule wa bendi ya Sauti Sol ya Kenya, ile Alusa Why Are You Topless? ya 2023, nyimbo 16, nimeisikiliza sana na bado iko kwenye simu, na kila nikiisifia lazima atokee mtu aseme jamaa kaua Sauti Sol ili apate albamu yake. Yaani hata nyimbo hazijadiliwi, unajadiliwa usaliti. Juzi tena kwenye daladala ya Makumbusho konda na abiria wanabishana kitu kilekile ila wao ilikuwa Aslay na bendi yake ya Yamoto, kwamba dogo angetulia leo bendi ingekuwa mbali. Nikasema ngoja nilete huku.

Mimi nasema kadai chake. Na nianze na Bien maana kwake mambo yalifanyika mchana kweupe. Mei 2023 Sauti Sol walitangaza wote wanne, Bien, Savara, Chimano na Polycarp, kwamba wanapumzika na hawakusema watarudi lini. Wakazunguka kuaga, wakaja kumalizia Nairobi Novemba kwenye Sol Fest. Na Bien wala hakuwa wa kwanza kutoa vyake, Chimano alishatoa EP yake 2022, Savara naye ana albamu ya 2023. Sasa hapo kamuua nani? Halafu hawa jamaa mambo ya karatasi walikuwa wanayajua toka zamani. 2022 Azimio, ule muungano wa vyama vya siasa vya Kenya, walipotumia wimbo wao kwenye kumtangaza mgombea mwenza, walitoka hadharani wakasema hatukutoa ruhusa. Watu wanaojua wimbo ni wa nani kiasi hicho siku ya kuachana hawagombanii masufuria.

Sasa tugeuke huku kwetu. Hapa Dar mwimbaji mkubwa zamani alikuwa haendi solo, anahamia bendi nyingine, na watu wanasahau kwa nini. Vyombo havikuwa vyake. NUTA Jazz ya 1964 (ndo hiyohiyo baadaye Juwata, halafu Msondo) ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi ya serikali baadaye ikaenda DDC, wengine walikuwa chini ya jeshi, wengine chini ya tajiri mmoja. Gitaa la mwenye bendi, spika za mwenye bendi, mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Kurekodi unaenda Redio Tanzania, RTD, na bendi nzima, wimbo unatangazwa kwa jina la bendi. Kwaiyo mwimbaji Muhidin Gurumo alivyotoka Juwata 1978 akaenda kuianza Sikinde, na 1985 tajiri Hugo Kisima alivyomchukua yeye na wenzake akawapeleka Orchestra Safari Sound, hakuwa na njia nyingine, angeimba na nini? Na Sikinde haikufa, iliendelea kupiga miaka na miaka bila yeye. Msondo walimpoteza mwimbaji wao TX Moshi William 2006, kifo kabisa sio kuhama, na wakaendelea kupanda jukwaani.

Mambo yamebadilika pale studio ilipoingia kwenye kompyuta moja. Mwimbaji anaingia na prodyuza mmoja usiku anatoka asubuhi na wimbo, hana haja ya kumuomba mtu gitaa. Ndo maana leo kutoka ni rahisi, na ndo maana Yamoto ilivyoachana 2017 kila mmoja alikuwa na singo yake hewani kabla hatujamaliza kusikitika. Mbosso, mmoja wao, kaja kutoa albamu yake kamili 2021. Sasa mnataka watu wanne wafungwe pamoja milele kwa sababu nyie mlizipenda harmoni?

Albamu haivunji bendi. Bendi inavunjika kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa jina ni la nani, nyimbo ni za nani, na jamaa wa mbele akienda kuimba wimbo wa bendi kwenye harusi peke yake yule wa besi anapata nini.

Haya karibuni.

mtoto wa Sinza:

Hahaha mkuu umeshatoa hukumu ndo unaita mashahidi

Wenge kindakindaki:

Nilijua tu utairuka Kinshasa. Mkuu unaandika "albamu haivunji bendi" alafu unakaa kimya kuhusu JB Mpiana, mwimbaji wa Wenge?? 1997 jamaa katoa Feux de l'amour kwa jina lake, bado yuko Wenge Musica, na mwaka uleule Wenge ikapasuka vipande viwili, yeye akabaki na Wenge BCBG, wenzake Werrason, Masela na Adolphe Dominguez wakaenda kuunda Wenge Maison Mère. Hiyo ni bendi iliyoanza 1981! Sisi tuliokuwa tunanunua kaseti Kariakoo tulilia. Mpaka 2022 ndo wakapanda pamoja Stade des Martyrs, miaka 25 imeenda, sauti zimeenda, viuno vimeenda. Albamu ya solo ni kipimo, mwimbaji anapima kama anaweza kula bila nyie. Akigundua anaweza, hesabu imekwisha. Wenzake nao wakigundua kwamba anapima, imekwisha pia. Usiniambie habari za mkataba, hakuna karatasi inayozuia wivu.

Dada wa Tegeta:

Jamani na mimi niulize, nani kasema Bien alikuwa ndo mwimbaji wa mbele? Sauti Sol walikuwa wanaimba watatu, Polycarp na gitaa lake. Ni nyie wanaume mlioamua mwenye upara ndo bosi. Mimi albamu ya Bien nimeipenda kwa sababu mle ndani anaweza kuwa mchafu kidogo, anacheka, anajisema, ana mapenzi ya mtu mzima. Kwenye bendi lazima sentensi ikubaliwe na watu wanne, ndo maana nyimbo za bendi zinakuwa nzuri lakini zimenyooshwa sana kama shati la Jumatatu. Jina lenyewe la albamu, Alusa ni jina lake la nyumbani, unaona kabisa mtu anajitania. Hilo lisingepita kwenye kikao.

Kwaiyo swali la usaliti mimi naliona la kizee. Ulizeni albamu ni nzuri au mbaya.

mzee wa kijiwe:

Binti la kizee ndiyo, ila wazee tuna kumbukumbu. Mleta mada umetaja bendi zilizonusurika tu, umeficha zilizozama. Mbaraka Mwinshehe alivyoondoka Morogoro Jazz 1973 akaunda Super Volcano, niambie Morogoro Jazz baada ya hapo ilikuwa nini? Marijani Rajabu alivyotoka Safari Trippers, Trippers ikaenda wapi? Kuna bendi zilikuwa ni mtu mmoja na wasindikizaji, huyo akitoka unabaki na vyombo tu.

Alafu muangalie na huyo aliyetoka. Marijani na Dar International yake alikuwa Jabali la Muziki kweli, nchi nzima inaimba, lakini 1995 amekufa hali ngumu, mwishoni alikuwa anauza kaseti Kariakoo. Nyimbo zake zinapigwa redioni hadi leo. Sasa huyo alidai chake akapewa nini? Hoja yako ya karatasi nakubaliana nayo ila usiseme kama vile karatasi ikiwepo hela inakuja yenyewe.

Besi_Kavu:

Nimesoma wote nimenyamaza ila mzee wa kijiwe kanigusa pale kwenye "wasindikizaji".

Mimi napiga besi, bendi za hapahapa mjini, bendi sitaitaja. Niwape picha. Saa saba usiku sebene limekolea, mwimbaji anataja majina ya mapedeshee mmoja mmoja, pedeshee akisikia jina lake anainuka anakuja kumtuza, noti ya elfu kumi inabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho inashika kama stika. Nyingine zinatupwa miguuni, kijana wa bendi anaokota. Mimi niko nyuma pale karibu na drams, vidole vimevimba, hakuna mtu amewahi kuja kunibandika noti mimi. Kuna bendi hela za kutuzwa zinawekwa pamoja mnagawana, kuna bendi mwimbaji anaondoka nazo na hakuna wa kumuuliza. Kwaiyo mwimbaji wa mbele alishakuwa solo zamani sana, kabla hata hajaingia studio. Albamu ni kuhalalisha tu.

Na kwa taarifa yenu sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na ile hakishiriki inamgusa mtumbuizaji, yaani na mimi niliyepiga besi kwenye rekodi. Tatizo sisi wapiga vyombo wengi ni deiwaka, leo bendi hii kesho ile, hakuna uliposaini. Kuna wimbo mmoja ule mwanzo wake watu wanauimba kwa mdomo, tu-ru-ru-tu-tu, ile laini ni yangu niliitunga mazoezini Jumatano mwimbaji akiwa hata hajafika. Sasa hivi jamaa yuko kivyake, anaupiga kila shoo na kijana mwingine wa besi kanakili laini yangu vilevile. Mimi simuiti msaliti. Namuita anadaiwa.

Wenge kindakindaki:

Besi_Kavu hapo umeongea. Ila ndo unaniunga mkono ujue

mleta mada:

Nimerudi, nilikuwa kwenye foleni Morocco hapo mvua imekata mawasiliano.

Wenge kindakindaki, hoja yako ya JB ni nzito siikimbii. Ila tujiulize, Wenge walikuwa wanagombania albamu au walikuwa wanagombania nani rais wa bendi? Mabosi wawili kwenye jukwaa moja, ile ilikuwa inapasuka tu hata JB angekaa kimya. Alafu umelia nini mkuu, ulipata bendi mbili badala ya moja, na Maison Mère ndo iliyokuja kumkuza Ferre Gola. Bendi kama FM Academia na Akudo hapa Dar walikuwa wanachota kote kote. Na Fally Ipupa vilevile, kakaa Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomide, 2006 katoa Droit Chemin, leo unamsikiliza Fally au unamsikitikia Koffi? Koffi mwenyewe yupo anaendelea.

Kuna mfano mwingine nilitaka kuuweka mwanzoni nikaona mada inakuwa ndefu. Uingereza kulikuwa na bendi ya Genesis, mwimbaji wao Peter Gabriel akatoka 1975, watu wakasema imekwisha, 1977 akatoa albamu yake ya kwanza. Bendi ikafanyaje? Mpiga drams Phil Collins akashika maiki na Genesis ikawa kubwa kuliko mwanzo. Mpiga drams, Besi_Kavu, unasikia? Na huyo Gabriel ndo mwenye lebo ya Real World, ile iliyomtoa Remmy Ongala na Super Matimila 1989, Songs for the Poor Man. Dr Remmy wetu wa Sinza, Wazungu wamemjua kupitia lebo ya mtu ambaye kama angebaki kwenye bendi kwa kuogopa kuitwa msaliti sijui kama lebo yenyewe ingekuwepo.

Mzee wa kijiwe, hilo la Morogoro Jazz na Trippers nakubali, kuna bendi zilikuwa ni mtu mmoja. Lakini kama bendi ni mtu mmoja basi huyo mtu akiondoka kabeba chake, hajaiba. Wa kulaumiwa ni aliyeijenga bendi kwenye koo moja asiandae mwingine.

Na la Marijani sina jibu, linaniuma tu.

Dada wa Tegeta:

Mnazunguka. Besi_Kavu ndo kaleta swali la maana. Je Bien akisimama Dar leo akaimba nyimbo za Sauti Sol, Polycarp analipwa? Maana mimi nikilipa kiingilio nataka na zile za zamani, simdanganyi mtu, siwezi kukaa shoo nzima nasikiliza albamu mpya tu.

mleta mada:

Dada hapo ndo penyewe. Wewe na mimi ndo tunaomlazimisha arudie za bendi, alafu tunamuita msaliti njiani tukirudi nyumbani. Kwa maoni yangu mwimbaji mwaka wake wa kwanza angeacha kabisa nyimbo za bendi, asimame na albamu yake tuone. Najua promota hatakubali. Akiona lazima aimbe, basi waliotunga na kupiga wawe na fungu lao, na liandikwe mkiwa bado mnapendana, maana mkishanuniana hakuna atakayesaini.

Waliowahi kupiga bendi humu, mikataba yenu inasemaje kuhusu nyimbo? Au haipo kabisa?

mtoto wa Sinza:

Mkataba? Bendi yetu tulipeana mikono na supu

Besi_Kavu:

Yangu ya mwisho ilikuwa karatasi moja, mshahara, siku za mazoezi, na faini ukichelewa. Nyimbo hazikutajwa popote.

Na sasa hivi mwimbaji wetu wa bendi hii ya sasa yuko studio na vitu vyake, kanifuata jana anataka nimpigie besi nyimbo tatu. Nimemwambia sawa ila tunaandika kwanza. Kacheka kaniuliza kwani mimi na wewe tumefikia huko? Nimemjibu ndiyo, niletee kalamu.